Grisi ya Shemeji

Shinyanga, Alhamisi, Agosti 1974

Sijui nimshukuru Mungu au niishukuru pua yangu.

Shemeji Masanja ana roho nzuri, ila kwa fundi baiskeli kila chuma ni baiskeli. Leo nimetoka kidogo, narudi namkuta kwenye meza yangu ya usonara, anatabasamu. "Shemeji, nati ya hii saa ya mtungi ilikuwa ngumu. Nimeipaka grisi, sasa inateleza."

Saa ya oksijeni, ile ya kupimia presha ya gesi! Harufu ilinifikia kabla hajamaliza kusema. Ningeifunga kwenye mtungi nikafungulia, ile grisi ikikutana na oksijeni ingelipuka moto usoni mwangu.

Nilimfokea. Mke wangu asisikie niliyosema, ni kaka yake.

Nikanawa mikono kwa sabuni, nikafunga saa ya akiba. Kila kiungo nikakipaka povu la sabuni, nikatazama kama gesi inavuja. Hakuna palipotoa kipovu. Nikafungua madirisha, nikawasha haidrojeni kwanza, ndipo nikaachia oksijeni taratibu. Mchana moto wa haidrojeni hauonekani vizuri. Nilijua upo pale waya niliousogeza ulipoiva ukawa mwekundu.

Pete ya mteja wangu, Mama Kulwa, imeungika. Jumapili ataivaa kanisani, na mimi nitamwona kwa macho yangu yote mawili.

Masanja hakuondoka. Alikaa mlangoni mpaka nikamaliza. Wakati wa kuagana akanyoosha mkono, kisha akaurudisha haraka.

"Mkono wangu bado una grisi," akasema.

Nikaushika hivyo hivyo. Mitungi nilikuwa nimeshaifunga.