Kitambaa cha Ondiek

Eldoret,
12 Agosti 1984

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, na kwamba goti halikusumbui sana katika baridi hii ya Soy. Mimi ni mzima wa mwili. Anayeandika ni Mzee Gathogo, jirani yangu mwenye duka. Unajua jinsi herufi zinavyonikimbia tangu utotoni, hata walimu wakachoka kunichapa.

Uliuliza juu ya kazi ya zimamoto. Katika kukimbia, kupanda ngazi na kubeba mtu mgongoni niliwashinda wote. Lakini karatasi ya mtihani niliirudisha tupu, na wenzangu wakaniita Profesa. Mwenzetu mmoja, Ondiek, peke yake hakucheka. Alinisomea sheria zote mpaka zikakaa kichwani, na mkuu wa kituo akakubali kunijaribu.

Pampu ya gari letu ina koki mbili zinazofanana, zilizotofautishwa kwa maandishi tu. Moja hupeleka maji kwenye mpira wa kuzimia moto, nyingine humwaga tangi lote chini. Kulia na kushoto pia hunichanganya, kwa hiyo Ondiek alifunga kitambaa chekundu kwenye koki ya mpira, akasema wengine hawana haja ya kujua sababu.

Wiki iliyopita tuliambiwa waziri angepita mjini. Tuliosha gari, na mkuu akaamuru kitambaa kitolewe, akisema gari la Serikali halivai matambara. Ondiek aliahidi kukifunga tena wageni wakiondoka. Alasiri hiyo hiyo, kabla hajakifunga, ghala la mbao likashika moto huko Yamumbi.

Ondiek aliingia na mpira, akaniita kwa sauti nifungue maji. Nilifungua. Niliposikia maji yakimwagika chini nilidhani mpira umetoboka. Nilipotambua, tangi lilikuwa karibu tupu. Nilimfuata ndani, nikamtoa nimembeba mgongoni. Alikata roho njiani.

Mkuu amesema pampu ilikuwa mbovu. Ijumaa alinisifu mbele ya wote na kunithibitisha kazini. Maximilla, mjane wa Ondiek, alinishika mikono akanishukuru kwa kumtoa mumewe.

Mama, pampu haikuwa mbovu. Nilifungua koki ya kumwaga. Mzee Gathogo ameweka kalamu chini akaniuliza kama kweli aandike hayo. Nimemwambia aandike.

Kesho nitakwenda kwa Maximilla kwanza, kisha kwa mkuu. Kazi nitaipoteza, na huenda nikafungwa. Tafadhali usitangaze kanisani kwamba nimethibitishwa. Watu watasema Ondiek alikosea kunifichia udhaifu wangu. Wewe, Mama, usiseme hivyo.

Nisalimie dada yangu Jepkosgei na majirani wote. Mungu akulinde.

Ni mimi mwanao,
Kipkemboi