Satuka, Uliyeshuka Mjini Peke Yako

Mwaka umezunguka sasa, Satuka, mdogo wangu, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya baridi, sindano za kufumia zikiwa bado mapajani. Mtaa wetu huku juu, El Alto, haujazoea.

Ulifuma kofia zenye masikio. Aliyenunua moja ulimwongezea soksi za mtoto, hata kama hana mtoto. "Atapata tu," ulisema. Jirani yetu Mama Hilaria akakuonya, "Wewe Satuka, utamtia mtu mimba kwa soksi!" Ulicheka mpaka kiti chako cha magurudumu kikatikisika.

Miguu ilikuacha ukiwa msichana. Kuanzia hapo ukawa wa kubebwa: mgongoni kwangu, mgongoni kwa mumeo Casimiro, mikononi mwa wapita njia. Nami ni mtu wa safari, leo Oruro, kesho mpakani. Wewe ulikaa dirishani ukimsubiri mwenye mgongo. Ulitaka jambo moja tu: ushuke mjini siku unayotaka wewe, bila kumwomba mtu.

Ndiyo maana Alasitas ile, siku tunaponunua vitu vidogo vya mfano wa tunavyovitamani na kuvibariki saa sita mchana, ulinituma nikakununulie kiti kidogo chenye mota. Nikakuletea lori. Jekundu, zuri kweli.

"Hili la nini, kaka?"

"Si ni kubwa zaidi? Tutakupakia humo, wewe na kiti chako."

"Nipakiwe kama viazi! Na dereva nani, wewe uliyeko mpakani? Rudisha. Likibarikiwa hilo litakuja kweli, halafu nitafanyaje?"

Nikarudi sokoni mbio, saa sita ikikaribia. Kiti kidogo nilikipata, mota hakuna. Fundi bati akakata kipande cha kopo, akakikunja, akakibandika mbele. Yatiri, mzee wetu wa kubariki, alikifukiza ubani huku amekikodolea macho.

"Hii ni mashine ya kusagia nyama?"

"Wewe bariki tu, baba. Mwenyewe anajua."

Mwaka haukuisha, chama cha wenye viti kikakupatia kitu chenyewe: gurudumu lenye mota, betri na usukani, la kufunga mbele ya kiti. Siku ya kwanza nilivaa koti nikusindikize.

"Kaa, kaka. Kunywa chai."

Ukayavuka mawe ya barabara yaliyokuwa yakikukwamisha kila mara, ukaingia kituo cha teleferiko, na kibanda kikakushusha kwa waya mpaka mjini. Siku hiyo mimi ndiye niliyekaa dirishani.

Jioni ulirudi na mkate wa moto na umbea wa soko zima. "Nimepotea mara mbili!" ulisema, macho yanang'aa. "Hakuna hata mmoja aliyejua niliko!"

Tangu hapo hukukubali kubebwa. Penye ngazi ulizunguka, hata kama ni mtaa mzima, ukatafuta penye mteremko. Ni siku ya mazishi tu ndipo tulipopata nafasi. Gari lililetwa, Casimiro akalirudisha. Tulikuchukua mabegani, sisi wazee, tukipokezana, na hakuna aliyetaka kufika.

Wanaokukumbuka ni mumeo Casimiro, binti yako Marlene, Mama Hilaria, na mimi kaka yako Fermín.

Hatutakusahau, Satuka, maadamu tungali hai.