Dirisha Linalobanduka

Jumatatu, 3 Juni

Mkaguzi wa mashindano ya magari kapiga simu asubuhi. Vioo vya milangoni havitakiwi tena. Tuweke plastiki ngumu, la sivyo Jumapili tubaki nyumbani. Kaka akacheka, akasema hiyo ni kazi ndogo. Kwake kila kazi ni ndogo mpaka aishike.

Makochi ya wateja yamejaa dukani, uchi, bila vitambaa. Nimekaa kwenye cherehani nikashona mshono mmoja na kuufumua. Nawaza plastiki tu.

Jumanne, 4 Juni

Tumeinunua kwa fundi mabango. Akauliza tunatangaza biashara gani. "Biashara ya kupitwa," kaka akamjibu. Kweli, msimu uliopita tulishika mkia, na dereva ni mimi.

Nilichora umbo kwenye kadibodi, nikifuatisha ukingo wa kioo cha zamani, kama ninavyokata kitambaa cha mto. Kaka akakata kwa msumeno wa umeme. Kisha tundu la kwanza, akakaza bolti — ta! Ufa mpaka katikati. Akautazama, akaenda kunywa maji. Wifi akachungulia gereji: "Mnatengeneza gari au kabati la vyombo?" Mumewe alijifanya hasikii.

Jumatano, 5 Juni

Kipande kipya. Safari hii matundu yana upana kidogo, plastiki ipate pa kutanukia kwenye joto. Bolti pande zote. Dirisha limekaa vizuri, siwezi kubisha.

Nikaingia kwenye kiti. Kaka akafunga mlango, akagonga plastiki kwa ngumi kunionyesha ilivyo imara. Pumzi zikaniishia. Nikatafuta kitasa, mkono unapapasa tu, wakati kitasa hicho nakijua kama pua yangu. Nilipotoka nikamwambia kuna mteja ananisubiri. Hakukuwa na mteja. Nimezunguka mitaani bila kununua hata kiberiti.

Namfikiria Muoka Mikate, dereva mwenzangu wa mashindano. Gari lake lilipobiringika mwaka jana milango ilijikunja, wakamtolea dirishani. Je, dirisha lingekuwa na bolti kama hizi?

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwambia kaka nataka madirisha yanayobanduka. Kwa nini? Eti ni rahisi kuyasafisha. Uongo wa kitoto. Akasema likibanduka lenyewe kwenye mwendo litamkata mtu shingo. Tukanuniana mchana kutwa, watu wazima na mvi zetu. Mama alileta chai, akauliza tunagombania nini. Dirisha, nikasema. Akaweka birika chini, akajiondokea.

Baadaye kaka akalegea. Ukingo wa mbele unaingia chini ya fremu. Nyuma kuna vifungio vya kubana; ukivuta mkanda, vinaachia. Mkanda nimeushona mwenyewe, mwekundu, kwa uzi wa makochi. Nimeuvutavuta hadi viganja vinauma.

Ijumaa, 7 Juni

Tumejaribu kwenye barabara ya nyuma ya maghala. Kasi ilipopanda plastiki ikaanza kupiga kama ngoma, ikavimba kwenda nje. Kifungio kimoja kikaachia. Nikapunguza, nikasimama.

Kaka hakusema "nilikwambia." Angesema ingekuwa nafuu. Akafungua boksi la vifaa, akatoa bolti zake.

"Usiziweke," nikasema.

"Sababu?"

Hapo ndipo likanitoka. Kwamba nikifungiwa humo sipumui. Kwamba Jumatano nilikimbia. Kwamba kila nikifunga macho namwona Muoka Mikate ananing'inia kwenye mikanda ya kiti, kichwa chini.

Kaka akakaa juu ya tairi la akiba. Akasema siku ile yeye ndiye aliyemshika kichwa. Vipande vya kioo vilikuwa vimemwingia usoni na shingoni, akawa anavitoa kwa vidole huku majeruhi anamwita mama yake. Sikuwahi kujua. Kaka alirudi nyumbani siku hiyo akala, akalala.

"Mimi sitaki kitu kikuingie, mdogo wangu. Basi."

Mimi nataka pa kutokea, yeye hataki kitu kiingie. Wiki nzima tumegombania ajali moja.

Jumamosi, 8 Juni

Tumeongeza vifungio, na kipande chembamba cha alumini katikati. Ngoma imekwisha. Ila sasa mkanda ni mgumu. Mara dirisha linatoka, mara linagoma. Kaka anataka kupunguza kifungio kimoja, mimi nikamkataza. Eti mimi, niliyetaka pa kutokea!

Jumapili, 9 Juni

Foleni ya ukaguzi. Naandika ndani ya gari, mikanda imenibana, dirisha limefungwa. Mkaguzi anataka kila dereva atoke dirishani peke yake. Aliye mbele yetu, mwalimu mmoja mnene, katanguliza kichwa kama ndama anayezaliwa. Watu wamecheka, naye kacheka. Mimi nimejaribu kucheka.

Plastiki inaingia ukungu wa pumzi zangu. Naufuta kwa kiwiko, unarudi. Angalau napumua.

Nimepatana na kaka: asiguse kitu. Hata nikikwama, asubiri nimwite.

Sasa ni sisi. Mkaguzi anainama, anaunyooshea kidole ule mkanda. Kaka kasimama nyuma yake, mikono mifukoni. Kakunja ngumi, naziona zimetuna kwenye kitambaa. Hazitoki.

Naweka kalamu, nishike mkanda.