Shingo ya Chupa

Shemeji Alnasir,

Ya Ali Madad. Sisi huku Flemingdon wazima, ila lifti imekufa tena na magoti yangu yanakiona cha moto. Achari uliyotuma imefika, haikumwagika.

Shemeji, mwanetu Shamil hayupo nyumbani. Mdogo wako Kamrudin alikuta kwenye koti lake shingo ya chupa ya mvinyo, imekatwa. Hakuuliza. Akamwambia, "Mlevi hatalala nyumbani kwangu!" Mtoto naye ana kiburi cha baba yake, akachukua gita akatoka na theluji ile. Sasa analala Scarborough kwa rafiki yake.

Nilimpigia simu. Akasema, "Mami, chupa niliiokota kazini, tupu. Ile shingo naivaa kidoleni, naitelezesha kwenye nyuzi. Wazee Weusi wa Mississippi walipiga hivyo zamani, gita likalia kama mtu. Hawa wa roki wote wamejifunza kwao." Akanipigia gita kidogo kwenye simu. Shemeji, lililia kama mama aliyefiwa.

Nikamweleza Kamrudin. Akajibu, "Kwani hakuna chupa za siki?"

Jumamosi Shamil anapiga na bendi yake kwenye ukumbi mmoja huku, na kesho yake wote wanahamia Vancouver, mbali kabisa. Nakuomba mpigie mdogo wako kabla ya hapo. Wewe mkubwa wake, hakukatalii. Usimwambie amsamehe mtoto, mwambie aje asikilize tu.

Asipokuja, nitakwenda peke yangu. Ameshasema nikienda, ufunguo wa nyumba niuache mezani.

Shemeji yako anayekutegemea,
Roshanara