Maksi za Lin

Dada Rehema, shikamoo.

Huku Mji Mkongwe joto linayeyusha hata gundi ya stempu, na sisi tumefungiwa chumbani tunafundishwa Kiingereza cha hoteli. Mkufunzi wetu, na joto lote hili, amevaa tai. Leo alituletea karatasi ya makosa ya Kiingereza ya Wachina, na Mchina darasani ni mmoja tu, Lin, anayetaka kazi ya mapokezi.

Mkufunzi akamwita mbele, amkaribishe yeye mkufunzi kana kwamba ni mgeni Mwingereza. Lin akamuuliza kwa Kiingereza kama ameshakula, kisha anakwenda wapi. Mkufunzi akamkata maksi zote. Akasema huo ni Uchina mtupu. Mwingereza hachunguzwi tumbo wala safari zake, huzungumziwa hali ya hewa. Tukacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Kisha tukasimama mmoja mmoja kuambiana kuwa kuna joto, huku jasho linatudondoka.

Adhuhuri mkufunzi akatoka. Bi Mwanaidi, mpishi wetu, akamzuia mlangoni: "Mwalimu, ushakula? Wenda wapi na jua hili?"

Akajibu kwa adabu kuwa bado, ndiyo kwanza anakwenda kutafuta chakula. Akarudishwa, akapakuliwa pilau, tai akaitupa begani. Bi Mwanaidi hakukatwa maksi hata moja. Lin akanitazama, nami nikainamia sahani yangu.

Basi, dada, umekula? Watoto wamekula? Jumapili unakwenda wapi? Ukiona nachunguza mno, nikate maksi.

Mdogo wako,
Hamisi