Nyota Ulizoniambia Nizifute

Mwalimu,

Nimekaa mezani kwako. Mama Mwalimu, mjane wako, amenipa funguo za chumba chako nipange karatasi zako. Mipeasi ya hapo dirishani imezaa mpaka matawi yamelala, nawe hupo. Nina hasira na wewe. Sina wa kumwambia, maana marehemu hasemwi vibaya.

Unazikumbuka galaksi kibete, zile ndogo zenye nyota chache na gesi tele? Tulizipanga mbili mbili, kutoka picha za darubini zinazotolewa bure mtandaoni, tuone kama zikikaribiana huzaa nyota zaidi. Zilizogongana zilizaa, na ulifurahi. Lakini mimi niliona kwamba hata zilizo mbali kidogo, zinazovutana tu, zilikuwa na nyota changa nyingi kuliko zile zisizo na jirani. Mvutano huitikisa gesi mapema. Nilikuletea mchoro. Ukanitazama juu ya miwani.

"Binti, visivyogusana havizai. Futa."

Nikafuta. Sisi tuliolelewa kijijini Gare hatumbishii mwalimu wetu, hata tukiwa na shahada mbili. Nikakumiminia chai.

Kisha watafiti wa Kizungu wa mbali huko wakatangaza jambo lile lile. Nilikuletea habari hiyo ukiwa umeshalazwa. Ulisoma, ukaikunja karatasi, ukaniuliza kama Mlola mvua imenyesha. Neno moja tu lingenitosha, Mwalimu. Hukulitoa.

Ulipofariki, Mama Mwalimu aliniomba niandike wasifu wako. Nikaandika kwamba wewe ndiye uliyeliona jambo lile kabla ya Wazungu. Mzee wa kanisa akausoma mbele ya jeneza, watu wakatikisa vichwa kwa fahari. Nilidhani huo ndio mwisho wa uongo wangu. Sasa shule uliyofundisha inataka kuyaandika maneno yale kwenye ukuta wa maabara, wanafunzi wayasome kila siku. Wasichana pia, wale wanaoona kitu na kunyamaza.

Fundi wa rangi anakuja Ijumaa. Nitamtangulia. Nitamweleza mkuu wa shule kwamba niliandika uongo, na nitamwonyesha mchoro, kwa kuwa nakala moja sikuifuta. Mama atalia, na huenda asinikaribishe tena hapa. Naogopa hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Pumzika, Mwalimu. Nakuahidi nitamwambia kila mtu kwamba kusoma anga nilifundishwa na wewe. Ila hili nililiona mimi.

Mwanafunzi wako