Usimmalizie Neno

Enkhuizen,
14 Novemba.

Mpendwa shemeji Siewert,

Hujambo huko Kanada? Na lile goti lako, baridi imelionea huruma mwaka huu? Sisi tunakusalimu sana. Mimi ni mzima, ila leo nakuandikia nikiwa na hasira.

Kaka yako Gerbrand sasa anatembea vizuri. Tangu kile kiharusi, ulimi ndio uliogoma. Maneno mafupi yanatoka. Shida ni yale yetu marefu, yaliyounganishwa mawili yakawa moja. Mwalimu wake wa kusema amemfundisha kuyakata vipande huku akigonga meza kwa kidole, kipande cha kwanza kwa nguvu, vingine taratibu. "Slaap-ka-mer," yaani chumba cha kulala: KO, ko, ko. Meza yangu imeanza kuchubuka, na mimi nafurahi.

Sasa sikia mambo ya Jumamosi, siku yake ya kuzaliwa. Tumekaa kwenye duara la viti kama kawaida, tumeshapongezana wote, kila mtu na kahawa na kipande chake kimoja cha keki ya tufaha. Gerbrand akagonga mkono wa kiti: "Slag..."

"Slagroom!" akadakia binti yetu Aafke. "Mama, mletee baba krimu!"

"We Aafke, si umwache amalize!"

"Kwani si ndiyo aliyokuwa anaitaka?"

Ndiyo hasa, na hilo ndilo linaloniudhi. Wanapatia, wanachekelea kama wameshinda bahati nasibu, naye ananyamaza. Krimu hakuigusa. Alhamisi akakataa kwenda kwa mwalimu, na mwalimu amenionya kwamba akiacha sasa, hata alichokwisha kukipata kitapotea.

Nawe shemeji usijitoe humo. Kila Jumapili ukipiga simu unamdakia kuliko wote! Najua ni mapenzi. Lakini inatosha. Akikwama, nyamaza, unywe chai yako.

Maana jana asubuhi nilisikia meza ya jikoni ikigongwa tena. KO, ko, ko. Nikasimama mlangoni, nisiingie. Ni neno moja tu, na anataka kukuambia wewe. Nikamwambia, "Baba Aafke, nimwandikie kwenye barua?" Akanikazia macho. "Hapana. Mimi."

Kwa hiyo neno nalijua, ila siliandiki.

Msalimie Marijke na wajukuu. Mungu awalinde nyote, na wewe akuzidishie subira. Jumapili ukipiga, ukasikia meza inagongwa, usiseme kitu. Msubiri.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Trijntje